Anayefuga Maji

Wiki sita baba alikuwa na tangi lisilo na samaki.
Lita mia tatu sebuleni, ghorofa ya nne,
na nje theluji ya Ostrava ikianguka na masizi yake.
Jirani yetu Květa alikuja kuomba chumvi,
akachungulia, akacheka mpaka akashika ukuta:
"Bohumír, watu hufuga kuku. Wewe unafuga maji?"

Hakumjibu. Alikuwa akihesabu matone.
Matone manane, tikisa kichupa, ngoja.
Kikigeuka kijani, amonia bado imo.
Kikibaki njano, karibuni.
Miaka ishirini na minane chini ya ardhi
kazi yake ilikuwa kuipima gesi kabla wenzake hawajaingia:
kuinua taa, kutazama mwali, kusema haya,
au kusema rudini.
Sasa anainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha
kwa mkono uleule, jicho moja kalifumba.
Rudini, hukiambia. Kila siku, rudini.

Mwanangu Vendelín akaleta ngome ya plastiki
na kokoto za rangi saba, kwa pesa zake mwenyewe.
Baba alizipokea, akazisifu, akazitia kabatini.
"Hawa wanaokuja ni watoto. Mtoto hula akimwaga.
Chakula kikijificha kwenye kokoto kitaoza,
na uozo haupigi hodi."
Vendelín akanuna hadi usiku.

Basi chini kioo kitupu. Sponji mbili zikitoa mapovu.
Hita mbili, maana moja ni sawa na hakuna.
Kipimajoto: ishirini na tisa.
Ndicho kilikuwa chumba chenye joto kuliko vyote nyumbani,
nasi tuliruhusiwa kuingia kwa kidole tu.

Jumamosi moja ya Februari kichupa kikabaki njano.
Baba akakitazama kama mtu aliyepata barua.
Akapanda treni kwenda Olomouc, akarudi
na boksi la povu kalikumbatia ndani ya koti, vifungo havifungi.
Diskasi wanane, kila mmoja upana wa kifuniko cha haradali.
Walipoingia majini waligeuka weusi kwa hofu,
wakajibanza kona moja
kama sahani zinazongoja kuoshwa.

Akasaga moyo wa ng'ombe, spinachi, kitunguu saumu.
Mara tano kwa siku, chembe kwa chembe;
kisha mpira wa kufyonza, kisha ndoo, kisha ndoo.
"Wakidumaa sasa wamedumaa. Utoto hauna deni la kulipwa kesho."
Akamweleza Vendelín kwamba samaki hawa, wakiwa wachanga,
hula ngozi ya wazazi wao, utelezi wa ubavuni,
na mzazi hutulia tu, akaliwa.
Nikaitazama mikono ya baba,
ile mistari ya buluu ambako makaa yalibaki chini ya ngozi.
Nikaendelea kumenya viazi.

Usiku wa tarehe kumi na tisa umeme ukakatika mtaa mzima.
Ukimya wa sponji ndio uliomwamsha.
Nilimkuta amelivika tangi blanketi la manyoya ya bata,
lile la harusi yao, ambalo mama hakuruhusu hata paka alilalie,
naye anateka kwa kikombe, anainua, anamimina,
anateka, anainua, anamimina,
maji yapate hewa,
mapafu yake mwenyewe yakichemka kama birika.
"Baba, nipe kikombe."
"Wewe unamiminia chini mno."

Saa kumi na dakika ishirini taa zikawaka.
Tukafunua blanketi.
Saba walikuwa wamesogea mbele, wanaomba chakula bila haya.
Wa nane, yule mdogo ambaye wenzake humnyang'anya,
alikuwa ameegemea sponji kwa ubavu,
pezi moja likipepea, likiacha, likipepea.

Baba akakaa kitini. Akakohoa kwa muda mrefu.
Kisha akanielekezea kikombe:
"Radka, usisimame kama nguzo. Lete ndoo.
Maji haya yamelala na uchafu wao."